Mzee Taratibu na Mlango wa Gari la Mkunga

Mwishoni mwa mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukata, kuchomelea na kunyoosha mabati ya magari ya kale, mwenzetu tunayemwita Mzee Taratibu anatundika ovaroli na kustaafu. Alianza kazi hapa karakana ikiwa na paa nusu, na karibu sisi sote tulimkuta. Ninayeandika ni mshona viti wa karakana hii hii. Meza yangu iko jirani na benchi lake, na vitambaa vilivyotobolewa na cheche zake navijua kimoja kimoja.

Desturi yetu ni kumwandikia mstaafu sifa za kusomwa kwenye sherehe ya kumuaga, mpaka aone haya. Safari hii haya imetangulia. Nilipomfuata nimuulize habari za kazi yake, alishusha macho. "Binti yangu," akasema, "ukiandika, andika la mlango. Kama la mlango halimo, na mimi nisiwemo." Nikamsihi sifa zitangulie. Alikubali kwa sharti kwamba zisiwe ndefu kuliko kosa. Nitajitahidi, ingawa ni sharti gumu kwa mtu aliyefanya mengi mazuri.

Hakuna mashine iliyowahi kuingia karakana hii bila kupita mkononi mwake. Magari tunayoyafufua yana mabati membamba, mengine yameliwa na kutu hadi mwanga unapita, na si kila moto unaoyafaa. Mashine ya vijiti, ile inayochomelea mageti, ikigusa bati la namna hiyo hulitoboa. Moto wa gesi ni mpole lakini husambaa, na bati likipata joto kila upande hujikunja. Kwa hiyo kwenye madigadi na milango Mzee alichagua mashine ya waya mwembamba, akichomelea nukta moja huku, nyingine kule, na kusubiri bati lipoe katikati. Hapo ndipo jina lake lilipotoka. Taratibu kwa bati, taratibu kwa skrubu iliyoganda, taratibu kwa mteja anayepiga simu kuuliza gari lake limefikia wapi.

Wauzaji wa mashine walimwogopa. Mmoja alikuja na mashine nyekundu inayong'aa, akaisifu kuanzia waya hadi magurudumu. Mzee akaenda kwenye rundo la vyuma chakavu, akarudi na kipande cha bati kilichooza, akamwambia achomelee. Kikatoboka. Muuzaji akalalamika kwamba bati lenyewe bovu. Mzee akamjibu kwa upole kwamba magari yenye mabati mazima hayaletwi hapa, yako barabarani. Mashine ikarudi ilikotoka, na muuzaji, kwa uungwana wake, alikunywa chai nasi kabla ya kuondoka.

Tumejifunza mengi kwake, lakini somo la kwanza kwa kila mgeni lilikuwa gango. Gari likiwa na vizingiti vilivyooza, yaani yale mabati mazito yaliyo chini ya milango, huvikati hivi hivi. Kwanza unachomelea vyuma vya kulishikilia huku na huku, kama mganga anavyoufunga gango mguu uliovunjika, ili mwili usilegee kizingiti kitakapotoka. Na kwa gari la paa la turubai, ambalo juu halina cha kulishika, gango si hiari. Mzee alikuwa akisema asiyefunga gango akafuge kuku, magari ayaache.

Sasa mlango.

Kwa miaka yote Mzee aliikataa mashine ya kukatia kwa umeme na hewa, ile ya mwale wa bluu unaopita kwenye chuma kama kisu kwenye papai lililoiva. Alisema grenda, ile inayokata kwa kisahani kinachozunguka, na mkasi wa bati vinatosha. Mwaka jana akaijaribu kwenye karakana ya rafiki yake, akarudi imemteka. Kwenye mkutano wa wafanyakazi alisimama, jambo asilolipenda, akamwomba bosi ainunue. Bosi alisitasita. Mzee akasema, "Nitaijibia mimi." Kwa neno hilo tu mashine ikaja, na kwa wiki kadhaa alikuwa kama mtoto mwenye baiskeli mpya. Tulimtania kwamba jina lake itabidi tulibadilishe, naye alicheka kuliko sisi.

Wakati huo tulikuwa na gari la mkunga mstaafu. Ni gari dogo la paa la turubai, alilolinunua na marehemu mumewe walipokuwa vijana. Kila Ijumaa mama huyo alikuja, akaketi humo kwenye viti visivyo na vitambaa, akatuhadithia nani alizaliwa wapi na nani aliwasumbua wazazi tangu tumboni. Vizingiti vyote viwili vilikuwa vimekwisha. Kwa grenda, kukata kizingiti ni kazi ya asubuhi nzima: unabadilisha kisahani, unapumzisha mkono, unakumbuka ulichosahau. Kwa mashine mpya Mzee alikata cha kushoto kabla chai yake haijapoa, akaipenda kazi yake, akazunguka, akakata cha kulia. Gango hakuna. Kikasikika kilio kifupi, kama cha kiti cha mbao kinapokaliwa na mtu mzito, na gari likabonyea katikati mbele ya macho yetu.

Hakuna aliyecheka. Fundi wetu wa rangi, ambaye hutania hata msibani, aliingia stoo akajifanya anatafuta brashi. Mzee alizima mashine, akavua kinyago, akaketi sakafuni akiwa ameligeuzia gari mgongo. Niliona aibu kumtazama, na sijui kwa nini, maana kosa halikuwa langu. Mtu unayemheshimu akianguka, hata wewe hujui macho uyaweke wapi.

Bosi alitaka kumpigia mkunga simu amwambie kazi itachelewa kidogo. Mzee alikataa katakata. Alibadilisha nguo, akaenda hadi nyumbani kwa mkunga, akakataa kiti, akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni. Mkunga mwenyewe ndiye aliyetusimulia baadaye. Alimuuliza, "Limekufa?" Mzee akajibu, "Hapana, mama, ila nimelivunja mgongo." Mkunga akamwambia, "Baba, mimi nimepokea watoto waliotanguliza miguu, na leo wana ndevu. Rudi kazini." Anasema alicheka peke yake.

Akarudi kazini. Aliliinua gari kwa jeki kidogo kidogo, akalifunga gango kila upande, akaanza upya, kwa grenda. Mashine mpya hakuitupa wala kuilaumu. Alisema aliichagua vizuri, ila alisahau kuchagua mtu wa kuishika. Akatengeneza kitanda cha chuma ukutani ambamo vyuma vya gango vinalala juu ya mashine hiyo, kiasi kwamba huwezi kuitoa kabla hujavishika vyuma vile mkononi. Ndivyo tunavyofanya kazi sasa, sote, na hakuna aliyesahau gango tena. Ni katika mambo mazuri kabisa aliyotuachia, lakini ukimsifia anaondoka.

Gari lilipona, isipokuwa mlango wa abiria. Ule haufungiki mpaka uunyanyue kidogo kwa mkono, ndipo kitasa kikubali. Mzee alimwomba bosi abaki hata baada ya kustaafu mpaka aupatie dawa. Bosi hakuwa na neno. Aliyekataa ni mkunga. Alisema umri wake si wa kupanga foleni karakana, anataka kuendesha gari lake angali anaiona barabara. Akalichukua hivyo hivyo, na Mzee akabaki amesimama getini na tambara mkononi hata gari lilipokwisha kupotea kwenye kona.

Tangu hapo hajawa yule tuliyemzoea. Mkewe anatuambia kwamba nyumbani anafunga kila mlango polepole akisikiliza bawaba, na wajukuu wameanza kumuiga. Hapa kazini hachagui tena kifaa chochote. Ukimuuliza kisahani kipi kinafaa, anakwambia umuulize mwingine. Tulimwambia kuteleza si kuanguka. Akasema yeye alianguka, tumwachie methali zetu. Kwa hesabu yake, asubuhi moja imekula miaka yote, na iliyobaki ni kuondoka kimya kimya kwa mlango wa nyuma.

Ndiyo maana sherehe hii nusura isifanyike. Alikataa mara ya kwanza, akakataa ya pili. Mwishowe mkewe alimwambia kwamba kama haji, atakuja yeye kupokea zawadi na atatoa hotuba ndefu. Akakubali kuja kwa muda mfupi, kwa sharti moja: gari la mkunga lisiwepo. Alisema hawezi kumtazama mama wa watu akinyanyua ule mlango mbele ya halaiki. Tulimpa neno letu kwamba halitakuwepo.

Kwa magari yote yanayotembea leo kwa sababu mkono wako ulikuwa mtulivu, Mzee wetu, tunakushukuru. Tunakushukuru pia kwa kuutangaza mlango ambao wengine tungeufunika kwa rangi. Kosa lako umetutaka tuliandike, nasi tumeliandika, wala hatukulipunguza. Lakini usitutake tuamini kwamba ndilo lote ulilolifanya, maana hapo tutakataa, na tuko wengi. Nenda ukapumzike, ule umeshiba, ulale umetulia, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Maisha yaliyo mbele yako yawe mema.

Na utusamehe, kwa kuwa neno letu tumelivunja. Mkunga yuko nje. Anasema tangu alichukue gari lake hajampakia mtu kwenye kiti cha pembeni, maana kila abiria angeuliza ni nani aliyeuharibu mlango, naye hataki kukutaja. Wewe hutauliza. Kwa hiyo amekuja kukupeleka nyumbani, na mlango ameuacha wazi.