Ubwiriunga wa Nyota

Kijiwe cha Likombe, kwenye benchi mbele ya duka la pembejeo la Naveed, hakijawahi kushindwa na swali. Lakini asubuhi hiyo Mzee Faraji, wanayemwita Pampu kwa kazi yake ya kupulizia dawa ya salfa mikorosho ya watu, alikuwa hanywi kahawa yake. Alasiri washenga wangefika kumposa bintiye Husna, na wangeuliza tu: binti anasoma nini huko ng'ambo? Miaka mitatu Pampu kamsifia mtaa mzima, kumbe hajui. Aibu gani hii! Alichonacho ni ujumbe mmoja wa simu.

— “Nachunguza sehemu ya ndani ya sahani za vumbi zinazozunguka nyota changa,” alisoma tena.

— Changa, halafu zina vumbi? Waziri, mjuzi wa kila fani, akatua kikombe. Huo ni ugonjwa wa ubwiriunga! Mkorosho si hushikwa na unga mweupe maua yakiwa machanga?

— Nyota haina maua, alisema Naveed.

— Ulipanda ukaona? Andaa mifuko ya salfa! Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Pampu akakohoa. Kusema kweli, hilo la kumrithi baba lilimfurahisha.

— Lakini kwa nini ndani tu? aliuliza.

— Nilisikia redioni, alisema Naveed. Vumbi la karibu na nyota hushikana, likaja kuwa dunia kama hii yetu.

— Dunia! Waziri aliruka. Basi Husna anawahi kiwanja kabla hakijapimwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Nyota ziko juu, Waziri, alisema Naveed.

— Na kwenye darubini anachungulia amesimama wima? Pampu, waambie washenga binti ni ofisa ardhi wa mbinguni.

— Wanicheke ukoo mzima!

Agnes, mwalimu mgeni aliyepanga nyuma ya duka, alikuwa amefuata kiberiti. Akasimama kusikiliza.

— Samahani wazee. Mwenyewe mmemuuliza?

Waziri akachungulia kikombe chake. Kila Ijumaa Husna ndiye hupiga simu; baba hajawahi kumpigia. Pampu humuuliza kama amekula, kama baridi imezidi, kisha humpa mama yake. Aliogopa mwanawe asije akajua kuwa baba hajui.

Akabonyeza namba. Benchi zima likamwinamia.

— Hujambo mwanangu? Eti... hilo vumbi lako, unalionaje kutoka mbali kote huko?



— Baba! Husna alishtuka. Mama yuko wapi? Nani kafa?