Kitambaa cha Buluu cha Mama Coleta

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Mama Coleta anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwa msaidizi wa daktari wa meno, kwanza Namanyere, kisha katika kliniki yetu hapa Sumbawanga. Tungepaswa kufurahi tu. Kusema kweli, tunaogopa.

Yeye mwenyewe ni mwoga, wala hafichi. Kwenye harusi moja kule Izia alihama meza baada ya kuona mwiko mmoja ukitembea katika sufuria mbili. Tulipomtania, alijibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko.

Anayetaka meno bandia hung'ata unga laini uliokorogwa kwa maji. Ukiganda, unatoka na umbo la kinywa chake, pamoja na mate na pengine damu. Kipimo hicho huenda kwa fundi wetu, Lwitiko, akakimiminia plasta ili apate umbo la meno. Kabla ya hapo lazima kisuuzwe na kutiwa dawa. Lakini asubuhi za baridi yetu, maji ya bomba yakiuma vidole, kila mtu huamini mwenzake ameshafanya.

Ndivyo ilivyokuwa Julai fulani. Lwitiko, mwenye jeraha kidoleni, alishika kipimo bila glavu akaona damu ndani yake. Mgonjwa alikuwa na homa ya ini. Wakati wote wa kusubiri majibu ya damu yake, Lwitiko alikula peke yake na hakumbeba mwanawe mchanga. Majibu yalipotoka salama, Mama Coleta alilia mbele ya wagonjwa. Kisha akachana kitenge chake cha buluu: kila mfuko wa kipimo kilichosafishwa ukafungwa kipande, na usio na kipande Lwitiko hakuugusa. Tukatulia.

Mwezi uliopita Mama Coleta alifungua mfuko wenye kitambaa akakuta ute wa mate. Mmoja wetu alikuwa amefunga kwanza, akikusudia kusafisha baadaye. Mama Coleta alisema amemtegea Lwitiko mtego kwa kitenge chake mwenyewe. Alikusanya vipande vyote akavichoma nyuma ya kliniki, na tangu siku hiyo kipimo hutiwa dawa Lwitiko akitazama, la sivyo hakipokei.

Jumatatu Lwitiko atasimama kutazama, na wewe Mama hutakuwepo. Tutaogopa kwa niaba yako. Asante sana. Nenda kijijini kwako Kate ukapalilie ulezi wako, ule kwa mwiko wako, na Mungu akupe uzee mwepesi. Lwitiko yupo hapa leo, amempakata mwanawe.