Walivyousifu Ugonjwa Wangu

"Wewe, mara ya mwisho umekasirika lini?"

Swali hilo niliulizwa uani, hapa hapa Kisarawe, na mama mdogo, yaani mke wa pili wa baba yangu, huku anapepeta mchele. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimesoma mpaka chuo kikuu kule Uganda, nimezoea kuwauliza walimu maswali hadi wanafunga vitabu. Swali la mwanamke asiyejua kusoma likanishinda. Nikasema, "Sijui, mama." Akaacha kupepeta.

Shikamooni, wakubwa zangu. Mwenyekiti wa chama hiki cha akina mama ameniomba nieleze nilivyougua na nilivyopona, akaongeza kwamba nieleze kwa upole. Hapo kwenye upole nitamwangusha. Upole nusura uniue, na baadhi yenu mliokaa kwenye madawati haya mliusifu kwa vinywa vyenu. Majina sitaji. Mnajijua.

Kwetu ni Janga, upande wa Kibaha, kwa mama yangu mzazi. Baba ana nyumba mbili, na ya pili ndiyo hii ya Kisarawe. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kuuliza. Kungwi aliyenifunda nilimuuliza kwa nini mwali hacheki, akanifinya, nikamuuliza kwa nini amenifinya. Nikija huku likizo, mimi na mama mdogo tulikuwa tunagombana kuanzia chai ya asubuhi: chumvi, ndoo, mlango ulioachwa wazi. Nilimdharau, nasema kweli. Nilimwona mwanamke wa makelele yasiyo na hoja.

Mwaka wa pili chuoni mwili ukaanza kunigeuka, polepole kiasi kwamba sikuona unageuka. Kwanza baridi, nikasingizia mvua za kule. Kisha usingizi. Nikawa nasoma ukurasa mmoja mara nne na hauingii. Nywele zikabaki kwenye kitana. Hedhi ikawa nzito, haikatiki. Nyayo zikafa ganzi, sauti ikakwaruza kama ya mvuta tumbaku, na chakula nakiacha sahanini lakini nanenepa. Mimi niliyekuwa na jibu kabla ya swali kwisha, nikawa nalingojea neno kama watu wa Soga wanavyolingojea gari la moshi: litakuja, ila hakuna ajuaye saa ngapi.

Chuo kikanirudisha nyumbani nipumzike. Nafasi yangu wangeishika mpaka mwaka mpya wa masomo ufunguliwe. Nisipotokea, apewe mwingine.

Nilishuka Janga nikidhani watashtuka. Wakapiga vigelegele.

"Tazama alivyonawiri," wakasema. Uso ulikuwa umevimba. "Rangi imetakata." Nilikuwa mweupe kwa kukosa damu. "Na adabu kapata." Nilikuwa siwezi kuunganisha sentensi. Mchana wa jua la kukausha muhogo mimi nimevaa sweta, na juu ya sweta kanga mbili, na bado natetemeka, shangazi yangu mmoja akawaita binti zake akawaambia, "Mwigeni mwenzenu. Kasoma, na bado anajisitiri."

Ndugu zangu, nawaambia, sikushangaa baadaye nilipolifikiri. Mnajua wenyewe tunachokitafuta tunapomweka mwali ndani. Tunamtaka mnene, mweupe, mzito wa kusema, macho chini, sauti isiyovuka kizingiti. Tunamfungia miezi, na zamani miaka, tukimpaka liwa na kumnywesha uji, ili tumpate binti wa namna hiyo. Mimi nikaja tayari nimepikwa. Nani angeuliza moto umetoka wapi?

Walikuwako wawili walioona kwamba naumwa. Dresa wa zahanati alisema ni safura, akanipa dawa ya minyoo huku anaandika jina la mgonjwa aliye nyuma yangu. Mganga alisema ni pepo la Kizungu lililotoka vitabuni, linataka jogoo mweupe na ngoma ya siku tatu. Wote wawili walikuwa wajinga wa ugonjwa wangu, lakini kati yao namheshimu mganga zaidi. Yeye angalau alinitazama usoni.

Haikupita miezi mitatu, posa ikaja, kutoka kwa watu wa biashara wa Kisarawe. Mama wa kijana akaja Janga kunitazama, akakaa nami tangu adhuhuri mpaka alasiri. Nilisema maneno manne. Akaondoka anawaambia watu kwamba hajapata kuona msomi mwenye thamani kama ile.

Mnadhani nawadharau wao tu. Wa kwanza kudharauliwa ni mimi. Mimi niliyekuwa siamini kitu pasipo ushahidi, hata habari za mtume na miujiza yake nilikuwa nazibishia mpaka bibi anaziba masikio, nilipokuja kusifiwa niliamini hapo hapo. Sikuomba ushahidi wowote. Niliposikia nimetulia, nikasema labda ndio utu uzima.

Nikaletwa huku Kisarawe, nyumbani kwa mama mdogo, nikawekwa ndani kungojea harusi. Chumba, liwa, uji, na sifa zile zile kutoka kwa majirani wa huku. Jua nikawa nalionea kwenye ufa wa dirisha. Mifupa ya mapaja ikaanza kuuma, nikawa nainuka kwa kushika ukuta. Barua ya chuo ikaja kuuliza kama nitarudi. Niliijibu kwa siku kumi na moja, nikapata mistari miwili, na wa pili haukwisha.

Siku hiyo ya mchele mama mdogo alinitoa chumbani kwa nguvu, kinyume cha desturi, akanikalisha uani, akaniuliza swali lile. Niliposema sijui, aliacha kupepeta. Kisha akasema, "Kitabu kilikuvimbisha kichwa, sasa kimekuvimbisha na mashavu."

Nikavuta kanga mabegani.

"Mama yako hajui kupika mchuzi. Paka wa Janga wote wamehamia Mlandizi."

Nikatabasamu, na hata tabasamu lilichelewa.

"Ile kalamu yako ya wino uliyonisingizia miaka miwili, niliiba kweli. Nikampa muuza samaki."

Nikasema, "Haidhuru, mama."

Akaweka ungo chini. Akaenda barazani alikokaa baba, nami nikayasikia yote kutoka uani.

"Mume wangu, yule si mwanao."

"Ana nini tena?"

"Nimemtukana mara mbili, ya tatu nikajisingizia wizi. Kaniambia haidhuru."

"Si ndiyo adabu hiyo? Miaka mingapi unanililia hana adabu?"

"Nililia hana adabu. Sikulia awe maiti. Kesho nampeleka hospitali."

"Mwali hatoki nje, mwanamke. Wakwe watasema nini?"

"Basi mpeleke wewe, nitakaa mimi chumbani badala yake. Nitajifunika shuka nifunge mdomo, hawatajua."

Baba akacheka mpaka akakohoa, maana hilo la kufunga mdomo hakuna aliyepata kuliona. Na mtu akishacheka, kukataa kunakuwa kugumu. Akasema, "Haya, nendeni, lakini mpite njia ya shambani."

Hospitali ya misheni haikuwa mbali, lakini nilipumzika njiani mara tano. Mama mdogo alinivuta mkono kama mbuzi wa sadaka. Daktari alikuwa Mzungu mzee, mchache wa maneno. Alitazama nyusi zangu, ambazo ncha za nje zilikuwa zimekwisha na mimi sikuwa nimeona. Akatazama ulimi, mwekundu, laini kama umepigwa pasi. Akanipigisha magoti juu ya kiti, akagonga kwa nyundo ndogo mshipa wa nyuma ya kisigino. Mguu ukaruka, kisha ukarudi taratibu, taratibu, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Akamwita muuguzi aje aone. Akaugonga tena. Sijapata kumfurahisha mwalimu yeyote kama nilivyomfurahisha mzee yule kwa mguu wangu mbovu.

Akaeleza, nami nikamtafsiria mama mdogo, neno moja baada ya jingine. Shingoni kuna tezi inayochochea moto wa mwili mzima. Yangu ilikuwa inazimika. Tumbo nalo limekataa kupokea vitamini ya damu na mishipa ya fahamu, ndiyo maana weupe na ganzi. Magonjwa haya mawili hupenda kutembea pamoja. Na mifupa inalilia jua. Kisha akauliza, "Mwaka mzima hali hii, nyumbani mlikuwa mnafanya nini?"

Nikatafsiri. Mama mdogo akajibu, "Mwambie tulikuwa tunamsifu."

Nikapewa vidonge vya tezi, kimoja kila asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni, maisha yangu yote. Nikapewa mafuta ya ini la samaki na amri ya kuota jua. Na nikapewa sindano, na dawa ya sindano ile ni nyekundu. Hapo mtaa ukachafuka. Jirani akaja kumwonya baba kwamba mumiani wameingia misheni, wananyonya damu za watu na kuwachoma wengine, na mwanawe anachomwa damu ya nani haijulikani. Mama mdogo akatoka na mwiko mkononi. "Kama ni damu," akamwambia, "basi waongeze. Humwoni alivyo mweupe? Na wewe usiogope, yako ni ya maji, hawaitaki." Watu hao hao waliosifu weupe wangu ndio walioogopa dawa yake.

Wiki ya tatu nilitokwa jasho, mara ya kwanza tangu Uganda, nikaliramba mkononi kuhakikisha. Wiki ya sita nilionja mchuzi wa mama mdogo nikamwambia haya ni maji ya kuoshea samaki. Akakaa chini kwenye jamvi, akasema, "Alhamdulillahi." Akaanza kunitukana, matusi mazuri, ya mpango. Nikamuuliza habari ya kalamu yangu. Akasema hajui kalamu gani.

Wakwe wakaja kupanga siku. Nikamuuliza mama wa kijana kwa nini mwanawe hasemi mwenyewe, na baada ya hilo nikauliza mengine matatu. Siku ya pili wakamtuma mshenga: posa wanaivunja, wao walimposa yule mpole. Mama mdogo alimsindikiza mpaka mlangoni. "Yule mpole alifariki," akamwambia. "Wape pole kwa msiba."

Nikaandika barua ya chuo kwa nusu saa, na wiki mbili kabla ya masomo kufunguliwa nilikuwa ndani ya gari la moshi, kopo la vidonge kwenye mkoba.

Ningependa kuishia hapo, lakini nimeahidi ukweli. Mwaka wa mwisho niliviacha vidonge. Hakuna mganga aliyenidanganya, wala havikuniishia. Niliona "maisha yako yote" ni neno kubwa mno kuaminiwa kwa mdomo wa mtu mmoja, nikataka kujua mwenyewe. Nikakaa wiki saba. Sikuona kitu, na ndiyo hila ya ugonjwa huu, unakunyang'anya macho ya kuuonea. Kisha siku moja mama mlezi wa bweni letu akanishika bega, akasema, "Siku hizi umetulia, napenda." Nilikwenda mbio chumbani nikavitafuta vidonge. Kwa mbio nilizoweza, maana zilikuwa za konokono. Tangu hapo sijaruka hata siku moja. Ramadhani nameza kabla ya daku. Sindano kila mwezi. Sasa nafundisha wasichana, na wananichoka kwa maswali.

Somo langu si refu. Ukimwona binti yako mbishi amenyamaza ghafla, usimshukuru Mungu kabla hujamuuliza ananyamazia nini. Mshike mikono uone kama ni baridi. Mtazame nyusi. Mchokoze. Asipochokozeka, mpeleke kwa daktari, hata kama harusi ni kesho. Na dawa ukiambiwa ni ya maisha, meza. Mimi nimekwisha kuwafanyia jaribio, msirudie.

Namshukuru daktari yule, ambaye amekwisha kurudi kwao. Namshukuru muuguzi aliyenichoma sindano bila kunionea huruma. Baba namshukuru kwa kucheka. Mama mdogo hayupo hapa. Amesema watu wanaokusanyika kujisimulia shida zao wamekosa kazi. Ninyi nawashukuru kwa kukaa, hasa mliotukanwa.

Kuna jambo moja sikulijua mpaka mwezi uliopita. Miaka yote hii nilidhani mama mdogo aligundua kwa kuwa alizikosa kelele zangu. Shangazi ndiye aliyeniambia, nami nikaenda kumwomba mama mdogo mwenyewe ruhusa ya kulisema. Akajibu, "Sema, ila jina la marehemu usitaje." Mama mdogo alikuwa na dada, kwao Kurui. Dada huyo aliwekwa ndani akiwa mwali, akanenepa, akatakata, akawa mpole, na kijiji kizima kikatunga nyimbo za kumsifu. Asubuhi ya kutolewa nje hakuamka. Mama mdogo, aliyekuwa na miaka tisa na aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja, ndiye aliyekuwa anamtikisa, na wanawake wakamwambia amwache, mwali mwema haharakishwi.