Waziri, Naibu Wake na Mikasi Miwili

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo? Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka waziri wa maji, yule mliyemwita Mzee Bomba, tuliyemzika wiki hii. Na huwezi kumtaja Mzee Bomba ukamwacha naibu wake. Naibu huyo ni mdogo wake. Narudia: naibu waziri ni mdogo wake waziri, baba mmoja, mama mbalimbali.

Kila mmoja alifuata dini ya mama yake. Mkubwa msikitini, mdogo kanisani. Na vyama vyao, weee, paka na panya! Vyama hivyo vilipokubali kuunda serikali moja, viligawana wizara kwa chama na kwa dini. Waziri akitoka huku, naibu lazima atoke kule. Wizara ya maji ikawaangukia ndugu hawa. Mkubwa akapata kiti, mdogo akakaa pembeni.

Wivu ukamkaba mdogo. Wala hakuficha. Alidai mapazia kama ya kaka yake, akapewa. Akadai kiti kirefu kama cha kaka yake, akapewa, miguu ikawa inaning'inia. Wakizindua bomba, utepe ulikatwa kwa mikasi miwili, dua moja na sala moja, upande wowote usije ukanuna. Siku moja mkasi wa waziri ukatangulia. Naibu akasusa, akarudi mjini peke yake, maji hata hakuyaonja. Mtu mzima, jamani!

"Ndivyo alivyo tangu utotoni," dada yao aliniambia. "Kaka akishonewa shati, huyu hali chakula."

Alichokitaka ni kimoja tu: kile kiti cha waziri. Basi kaka alipofariki, naibu alifika msibani na suti yake, simu mkononi, akisubiri kuitwa. Simu haikulia. Redio ndiyo iliyosema, hii hii yetu. Kiti ni cha dini ya marehemu na chama cha marehemu, kapewa mtu mwingine kabisa.

Naibu akafoka palepale: "Hata amekufa bado ananizibia!"

Mjane wa marehemu akasimama. "Shemeji, koma! Kaka yako aliwaomba wakubwa mbadilishane, wewe uwe waziri, yeye naibu. Akaomba, akarudia kuomba. Pande zote mbili zikakataa, hata chama chako. Walisema mgawanyo utaharibika."

"Mbona hakuniambia?"

"Ungemwamini?"

Naibu akakaa chini.

Jana alikuja hapa studio. Mimi nisiye na haya nikamwuliza kama bado anamwonea wivu kaka yake.

"Sana," akasema. "Yeye alimtakia ndugu yake mema hadi anakufa. Mimi nimechelewa, ndugu wa kumtakia sina tena."

Mama mjane, dada, na wewe naibu, poleni sana. Mungu awape subira. Na wewe msikilizaji uliyemnunia nduguyo kwa sababu ya kiti, simu unayo hapo. Mpigie. Mimi nanyamaza kidogo, uongee naye.