Mama Hesabu na Jezi Namba Kumi na Nne

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mama Hesabu, mtunza vifaa wa klabu yetu ya soka, atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi, na siku hiyohiyo atastaafu. Mimi ni mtunza uwanja, yule mnayemwona na chokaa miguuni kila Jumamosi. Kamati imeniomba niandike maneno machache ya furaha kwa ajili ya kijitabu cha sherehe hii ya kumuaga. Furaha ipo, tena tele, kwa sababu mama huyu nampenda kama dada yangu wa tumbo moja. Lakini nina hasira pia, na sioni pa kuiweka isipokuwa humuhumu. Mwenye haraka ya keki asubiri kidogo.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na tisa, katika chumba kile cha chini ya jukwaa ambacho mpaka leo kina dirisha lisilofunga. Alipewa ndoo mbili, kamba ya kuanikia na jezi ishirini na mbili za watoto, nyingine zikiwa na matundu ya kupitisha ngumi. Ndani ya mwezi mmoja aliziba matundu yote kwa uzi wa rangi yoyote aliyoipata, ndiyo maana timu yetu ya watoto ya miaka ile ilionekana kama imeshonwa kwa mabaki ya mapazia. Watoto walipolalamika, aliwaambia asiyetaka acheze tumbo wazi. Kesi ikaisha.

Jina la Mama Hesabu alipewa na watoto hao hao. Kila baada ya mazoezi alisimama mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo, ufunguo ukining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, akipokea jezi moja moja na kuandika kwenye daftari: namba, saa iliporudi, na nani amekuja kumchukua mtoto. Baba, shangazi, kaka mkubwa, jirani. Jezi moja isiporudi, hakufunga mlango wala hakuondoka. Sisi wengine tulimcheka, tukidhani anapenda vitambaa kupita kiasi. Ilinichukua miaka mingi, na kichwa changu hiki kigumu, kuelewa kwamba hakuwa akihesabu jezi. Jezi iliyofika mkononi mwake ilimaanisha mtoto amevaa nguo zake, ametoka, na yuko na mtu wake.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo mwenyekiti angependa niliruke. Siliruki.

Katika mwaka wake wa kumi na tisa hapa, tulikuwa na kocha wa watoto aliyesifiwa kila kona. Vikombe vitatu kwa miaka miwili, wazazi wanapiga makofi, mwenyekiti anapiga naye picha. Kila Alhamisi jezi namba kumi na nne ikaanza kukosekana. Ilirudi Ijumaa, mkononi mwa kocha, imekunjwa vizuri. Mtoto aliyeivaa alikuwa na miaka kumi na mmoja, akilelewa na bibi yake. Kocha alikuwa akimbakiza kwa mazoezi ya peke yake, kisha akimpakia kwenye gari lake kumrudisha nyumbani. Mtoto aliyekuwa haishiwi maneno akawa hasemi hata akiulizwa. Mama Hesabu aliandika Alhamisi tatu mfululizo, akaenda na daftari kwenye kikao cha kamati, akawasomea mstari kwa mstari.

Mnajua kamati ilifanya nini? Muhtasari wa kikao upo, nimeusoma kwa macho yangu haya. Umeandikwa: jezi namba kumi na nne inachelewa kurejeshwa, inunuliwe nyingine. Basi! Jamani, watu wazima tisa, wenye watoto nyumbani, wameletewa habari ya mtoto, wao wakasikia habari ya nguo. Na wakainunua kweli, mpya, ndani ya nailoni. Mama Hesabu alipokabidhiwa alimwambia mwenyekiti kwamba hakuja kulilia kitambaa, akaiacha mezani palepale. Mwenyekiti akamjibu kwamba kocha ni mtu wa heshima zake, na kwamba wanawake wa kufua wana maneno mengi.

Alhamisi iliyofuata alifanya jambo ambalo mpaka leo tunalicheka, ingawa halikuwa la kuchekesha. Mazoezi yalipokwisha alibeba fuko lake la jezi chafu, akafungua mlango wa mbele wa gari la kocha, akaketi, akajifunga mkanda. Akasema na yeye anaelekea hukohuko. Kocha akamwambia mbona njia yake si hiyo. Akajibu kwamba kuanzia leo ndiyo hiyo. Mtoto akakaa nyuma, na gari likaenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa bibi. Wiki sita hivyo, soksi zinanuka, kocha amenuna, mama katulia tuli. Wiki ya saba kocha akamshtaki kwa kamati, naye akaandikiwa barua ya onyo kwa kuingilia kazi zisizomhusu.

Barua ile niliipeleka mimi. Nilijua kilichomo, nikampa, nikarudi kwenye mistari yangu ya chokaa nikijiambia kwamba hayanihusu, nina familia. Hakunigombeza. Alinitaka tu nitie sahihi kwenye daftari kwamba nimeileta, na saa ngapi. Naona aibu mpaka leo.

Jioni hiyo alikwenda kuketi na bibi wa mtoto jikoni kwake, na asubuhi wote wawili wakaenda ofisi ya ustawi wa jamii na daftari. Afisa aliyewapokea hakuuliza habari ya jezi hata mara moja. Mtoto akapata mtu wa kumsikiliza taratibu, akasema. Ikabainika kulikuwa na watoto wengine katika klabu mbili alizofundisha kabla ya kuja kwetu, na kwamba kote huko kocha aliondoka na barua ya sifa. Na sisi je? Kabla polisi hawajafika, tulikuwa tumeshamwandalia ya kwetu: anaondoka kwa sababu za kifamilia, tunamshukuru kwa vikombe. Mama Hesabu aliikuta mezani kwa katibu, akaitia ndani ya daftari lake, nayo ikaenda mahakamani pamoja na kurasa nyingine. Kocha alifungwa.

Leo ukutani pana fremu nzuri ya kioo yenye kanuni zetu za kulinda watoto: watu wazima wawili wakati wote, mtoto hapandi gari la mtu mmoja, anayemchukua aandikwe. Chini imesainiwa na kamati, kana kwamba wao ndio waliozitunga. Thubutu! Na ile barua ya onyo bado imo kwenye faili lake, mwaka wa kumi na mbili sasa. Niliuliza juzi, nikaambiwa hakuna utaratibu wa kuitoa.

Kuna zaidi. Kamati imeamua nafasi yake isijazwe, kila kocha akae na ufunguo wake mwenyewe. Wakati huohuo, mezani kwa katibu kuna barua ya kuiomba kazi hiyo, iliyowasilishwa tangu Februari na haijajibiwa. Aliyeiandika ana miaka ishirini na mitatu, na zamani alivaa jezi namba kumi na nne. Yeye ndiye aliyeniruhusu kuandika haya, akanisahihisha mahali pawili.

Mama Hesabu, leo watakupa saa ya ukutani. Ipokee, ni nzuri, nimeiona. Asante kwa kila jezi uliyoifua na kila mtoto uliyemngoja. Tunakutakia mapumziko mema, afya, usingizi wa mchana usio na mtu wa kukuamsha, na wajukuu wasiochafua nguo.

Ila nina ombi moja. Mwenyekiti akinyoosha mkono kuupokea ufunguo, usiuvue. Mwambie kuna barua moja haijajibiwa na nyingine haijatolewa kwenye faili. Safari hii hutasimama mlangoni peke yako: tutakuwa hapo nawe, mimi wa kwanza, na hakuna anayeondoka mpaka hesabu itimie.