Rispa Akech na Kifaransa cha Mashine Nambari Saba

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Rispa Akech, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Celine, anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha misumari hapa Industrial Area kwa miaka thelathini na minane. Kesho Jumamosi, saa nne asubuhi, ana mtihani wa kuzungumza Kifaransa. Mimi ni Kasiva wa sehemu ya kufunga katoni, niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu wa kijitabu cha kumuaga, na kwa kweli sijui nishangilie lipi kwanza.

Mama Celine aliingia hapa mwaka 1987 kama kibarua wa kufagia. Haukupita muda akakabidhiwa mashine nambari saba, ile inayokata waya na kuupiga kichwa uwe msumari, na hajaiacha hadi leo. Akiweka kiganja juu ya kifuniko chake anajua kama waya unataka kukwama. Waendesha mashine wengi waliopo leo wamepita mikononi mwake. Kwa sababu ya kelele, hatuongei kwa midomo humu ndani. Ngumi ni simamisha, vidole viwili mdomoni ni chai. Ishara ya kwamba fomeni anakuja ni ubunifu wake yeye, ila sitaieleza hapa kwa kuwa fomeni wetu Maingi naye amepewa kijitabu hiki.

Kifaransa alikisoma shuleni kule Kisumu hadi kidato cha tatu, na alikipenda hasa. Alikuwa amechaguliwa kuiwakilisha shule yake katika mashindano ya kuzungumza. Wiki hiyohiyo baba yake, mfanyakazi wa reli, akafariki, na Rispa, aliyekuwa kifungua mimba, akafunga virago akaja kwa shangazi yake Makongeni kutafuta kazi. Mashindano yakafanyika bila yeye. Kifaransa kikalala miaka mingi sana.

Kiliamka miaka minne iliyopita, Jumapili jioni, akitafuta nyimbo za kanisa redioni. Aliangukia stesheni ya Kifaransa, na kabla hajahama akagundua kwamba ameelewa: kesho yake mvua ingenyesha katika mji fulani ambao hajawahi kuuona. Anasema alisimama jikoni kwake mtaani Fedha, mwiko mkononi, akicheka peke yake mpaka ugali ukaungua. Jumamosi iliyofuata alikuwa darasani mjini, ameketi katikati ya vijana wa rika la binti yake.

Shida ikawa mahali pa kufanyia mazoezi. Nyumbani binti yake, Celine, alikuwa akivunjika mbavu kila akimsikia, basi Mama akaichagua mashine nambari saba, ambayo haimcheki mtu. Kwa miezi tulimwona midomo ikicheza tukadhani anaimba. Hadi Jumatano moja stima ikapotea. Mashine zote zikafa kwa pamoja, na katika kimya kile ikabaki sauti moja tu, ya Mama Celine, ikipaaza maneno ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyaelewa. Oketch wa ufundi, ambaye ni mtu wa maombi, akajua Roho ameshuka na dada yetu ananena kwa lugha. Akainua mikono akasema Amina, na wawili watatu wakapiga magoti pale pale kwenye mafuta. Ilibidi Mama Celine aeleze kwamba alikuwa anauliza njia ya kwenda stesheni, na bei ya nyanya. Tangu siku hiyo vijana wanaotoka Mukuru kwa Reuben hawamwambii niaje. Wanamwambia bonjour, Mathe wa Paris.

Tulicheka, lakini jambo lenyewe si mchezo. Shule moja pale Fedha imemwahidi kumpa klabu ya Kifaransa ya watoto kuanzia Januari, akipata cheti. Alipofanya mtihani mwezi wa Juni, kuandika alipita vizuri. Kuzungumza ndiko kulikomwangusha. Chumba kilikuwa kimya mno. Alianza kwa sauti ya mashine nambari saba, mtahini akasogeza kiti nyuma. Akaona haya, akashusha sauti, na sauti ikaisha kabisa. Maneno yote yalikuwa kichwani, hakuna lililotoka. Alinisimulia haya tukinywa chai, na ndiyo siku ya kwanza kumwona Mama Celine akilia. Iliniuma sana. Kesho yake akajiandikisha upya.

Sasa mjue kwa nini ratiba ya leo imeandikwa neno moja tu hapo saa tisa alasiri: kimya. Zawadi hiyo ni wazo la Maingi, mtu ambaye kusimamisha mashine kwake ni kama kung'olewa jino, na ambaye hata siku ya harusi yake alipitia hapa kwanza kuangalia zamu ya asubuhi. Alikwenda ofisini kuomba ruhusa yeye mwenyewe. Saa tisa atazizima moja baada ya nyingine kwa mkono wake, na nambari saba itakuwa ya mwisho. Mama Celine atasimama kando ya mashine hiyo azungumze Kifaransa chake kwa sauti ya kawaida, kwa muda wowote atakaotaka, nasi tutasikiliza. Hatutaambulia kitu, lakini tutasikiliza. Oketch ameombwa aizuie Amina yake mpaka mwisho.

Mama Celine, asante kwa kutufundisha kazi, kwa kutukaripia ilipobidi, na kwa ile ishara ya fomeni. Tunakuombea ustaafu wenye afya, na watoto wa klabu wakusumbue kama tulivyokusumbua sisi. Na kesho asubuhi ukiingia chumba kile ukute kimenyamaza, usiogope. Ni sisi tunakusikiliza.