Hatua Ishirini

Kijiwe chetu kiko kati ya gati la zamani na stesheni. Mji huu wa mtoni ni mkongwe. Kabla ya daraja, watu walivushwa kwa mashua. Siku hizi nusu ya wakazi hupanda treni asubuhi kwenda kazini jijini, wakarudi jioni kulala tu, ndiyo maana sisi wa gatini tunawaita Walalaji. Siku hiyo tulikuwa watatu na birika la kahawa: mimi kinyozi, Fundi Cherehani, na Spika, karani mstaafu asiyejua kunyamaza. Nahodha, mzee aliyetuvusha sote enzi za mashua, hakuonekana kwa siku ya pili.

— Kaenda kwa binti yake, nikasema.

— Binti gani? akadakia Fundi. Kauza nyumba yule! Walalaji wanaumaliza ukingo wote wa mto. Wamemjaza mifuko, kateleza kimyakimya.

— Hamjui kitu, akanguruma Spika. Nahodha kaoa. Kuna mjane ng'ambo, mweupe wa meno, mpishi hodari.

— Na miaka yake sabini na minane? nikauliza.

— Kwani mapenzi yanadai cheti cha kuzaliwa?

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Fundi, hataki kushindwa, akaapa kwamba serikali imemchukua kwa siri akaonyeshe lilipozama sanduku la dhahabu la wakoloni. Spika akapiga benchi ngumi, anataka ushahidi. Kelele zikapanda.

Hapo akasimama dada mmoja wa Walalaji, nesi, begi begani. Miaka miwili alikuwa akitupita mbio.

— Shikamooni, wazee wangu. Babu wa dirisha lile hunisalimia kila asubuhi: “Wahi treni, mwanangu.” Jana kimya, leo kimya.

— Ndiye tunayemjadili, binti, akasema Spika.

— Mmemgongea mlango?

Fundi alitazama viatu vyake. Mimi nilitazama kikombe. Mlango wenyewe ulikuwa hatua ishirini nyuma yetu.

Tuligonga, halafu tukauvunja. Nahodha alikuwa sakafuni kando ya kitanda, paja limevimba, midomo imekauka, lakini macho yanatuona. Nesi akapiga magoti, akamlowesha midomo kwa kitambaa, akapiga simu kuita gari la wagonjwa.

— Nilianguka jana asubuhi, mzee akanong'ona. Nikaita. Nikaita tena.

— Mbona hatukukusikia, kaka? Spika akauliza.

— Mimi nilikuwa nawasikia vizuri tu.

Spika akaketi pale pale sakafuni, akaushika mkono wa mwenzake. Kule stesheni treni ikapiga honi.

— Dada, inakuacha, nikamwambia nesi.

— Iende. Njoo umshike kichwa hivi, asijigeuze.

Nikakishika.